Keria ya baiskeli kwenye RAV4 yenye tairi mgongoni: nifunge ipi?

SWALI: Fundi, pole na kazi. Nina RAV4 ya mwaka 2004, ile yenye tairi la akiba kwenye mlango wa nyuma. Mimi na mke wangu tumeanza kuendesha baiskeli asubuhi huku Ilazo, Dodoma, na sasa tunataka kuzibeba tukienda kwa wazazi Kondoa, ikiwezekana tufike hadi Kolo kwenye michoro ya miambani. Yangu ni ya milimani. Yake ni mtumba wa Kijapani, ile yenye kikapu mbele, isiyo na bomba la juu. Mtoto naye ana ndogo ya inchi 16. Dukani wameniambia nichukue keria ya mikanda inayoning'inizwa kwenye mlango wa nyuma. Jirani anasema za juu ya paa ndizo imara. Fundi wa kuchomelea yuko tayari kunitengenezea ya kufunga kwenye bampa, ibebe zote tatu. Nichukue ipi?

JIBU: Kabla hujatoa hela kwa yeyote kati ya hao, nenda kwenye gari lako, fungua mlango wa nyuma nusu, shika upande wa kitasa, kisha unyanyue na kuushusha. Ukisikia mlango unacheza, au ukiona lazima uunyanyue kidogo ndipo ufunge, bawaba zimechoka. RAV4 nyingi za umri huo ziko hivyo, kwa sababu mlango huo umebeba tairi na rimu, karibu kilo 20, kwa zaidi ya miaka 20, na barabara zetu unazijua.

Nakwambia uanze hapo kwa sababu keria inayolifaa gari lako haimo katika hizo tatu. Ipo ya nne, inayofungwa kwenye tairi la akiba lenyewe. Bamba lake linakaa kati ya rimu na mlango, au linakazwa juu ya rimu kwa nati zilezile zinazoshika tairi, halafu mikono miwili inatokeza nyuma na baiskeli zinaning'inia hapo. Haigusi kioo wala haikwaruzi rangi, na mlango unafunguka ukishashusha baiskeli. Ila hizi ni za RAV4 za zamani tu, pamoja na Escudo, Jimny na magari mengine yenye tairi mgongoni. RAV4 za toleo jipya lililoingia 2013 mlango wake unafunguka kwenda juu na tairi halipo pale tena.

Katika jambo hili lote swali ni moja: uzito unaangukia wapi? Keria haibebi kitu, inapokea mzigo na kuukabidhi kwa sehemu fulani ya gari. Ukijua ni sehemu gani na ina uwezo gani, umemaliza nusu ya kazi, hata kama keria yenyewe imetoka Sweden au imechomelewa mtaa wa pili.

Tufanye hesabu kwa gari lako. Baiskeli ya milimani ya kawaida ina kilo 13 hadi 15. Ile ya mama, watu huidharau, lakini ndiyo nzito: ikiwa na kikapu, kufuli, stendi na keria yake ya nyuma inafika kilo 18 hadi 20. Weka kilo 5 au 6 za chuma chenyewe. Umefika kilo 40 hivi, juu ya zile 20 za tairi. Tena hizo 40 haziko pale tairi lilipo, zimesogea nyuma zaidi, na kadiri mzigo unavyokaa mbali na bawaba ndivyo bawaba zinavyovutwa kwa nguvu. Halafu gari ligonge tuta. Kwa kufumba na kufumbua kilo 40 zinavuta kama 80 au zaidi. Barabara ya Kondoa ni lami safi siku hizi, lakini kila kijiji kina rasta na matuta yake, na mkiiacha lami pale Kolo kupanda kwenye miamba, mambo ni mengine kabisa.

Kwa hiyo soma kibandiko cha keria kabla ya kulipa. Nyingi za tairi la akiba huruhusu baiskeli mbili tu, na kila moja isizidi kilo 15 hadi 17. Umeona tatizo linaangukia baiskeli gani. Ipime nyumbani: panda kwenye mizani ya kupimia watu ukiwa umeibeba, panda tena peke yako, toa. Ukivua kikapu, kufuli na stendi utapunguza kilo mbili au zaidi. Ikiingia ndani ya kipimo, iweke upande wa ndani, karibu na tairi, na yako nyepesi iwe nje. Ikikataa kuingia, basi ndiyo hiyo itakayolala ndani ya gari kwenye nusu ya kiti cha nyuma iliyokunjwa, huku mtoto akikaa nusu ya pili. Ya mtoto iingie ndani kwa vyovyote. Baiskeli ya inchi 16 ukiigeuza usukani na kuvua gurudumu la mbele haichukui nafasi, na sioni sababu ya kuining'iniza nje.

Na kama bawaba zinacheza? Zibadilishe kwanza, au uachane na mlango. Usimruhusu mtu azipige nyundo "zikae".

Jirani yako hajakosea kuhusu paa. Baiskeli zikiwa juu, taa zote zinaonekana, namba inaonekana, mlango wa nyuma unafunguka, na vumbi linapungua. Gari lenye mgongo wima likienda kwenye barabara ya vumbi hunyonya vumbi lile nyuma yake. Chochote kilichoning'inia pale kinafika kikiwa na rangi ya barabara. Kwa uzito, magari mengi ya ukubwa wako huruhusu kilo 50 hadi 75 juu ya paa, kipimo chako kimo kwenye kitabu cha gari, na kipimo hicho kinahesabu hata vyuma vyenyewe. Vyuma viwili vya kukatiza kilo 5, vishikio viwili vya baiskeli kilo 8, baiskeli zenu kilo 34: jumla 47. Inapita, kwa tabu kidogo.

Shida ni kuzifikisha. Paa lako liko karibu mita 1.7 kutoka chini. Kunyanyua kilo 19 zenye usukani unaojigeuza hadi kule, peke yako, jioni, umechoka, ni njia nzuri ya kukwaruza gari. Halafu kuna upepo. Wewe ni mkazi wa Dodoma, sina haja ya kukueleza Juni hadi Septemba kunakuwaje. Baiskeli mbili wima juu ya paa ukikutana na upepo wa ubavuni huku lori likikupita, utashika usukani kwa mikono miwili, na mafuta yatakwenda kuliko kawaida. Na urefu: gari na baiskeli vinakaribia mita 2.8 au 2.9. Geti lenye tao, kibanda cha gari, mti wa kivuli pale mnapopumzika. Watu hukumbuka siku nzima, wakasahau wanapoingia nyumbani kwao. Ukichagua paa, andika urefu huo kwenye karatasi, ubandike kwenye dashibodi. Mimi ningechagua paa kama baiskeli zote mbili zingekuwa nyepesi na nyote wawili mna nguvu ya kunyanyua.

Ile ya mikanda ya dukani, achana nayo. Huyo aliyekushauri hakuliangalia gari lako, maana tairi liko palepale keria inapotakiwa kukaa. Kwa wengine wanaosoma hapa wenye IST, Vitz au Noah: ndoano zake hushika ukingo wa bati la mlango, na miguu yake hukaa juu ya kioo au spoila ya plastiki. Kwenye kioo isikae kabisa. Ukingo wa bati nao hupinda, maji yakaanza kuingia. Mwenye Noah hana haja hata ya kununua: kunja viti, ingiza baiskeli, funga mlango, safari.

Sasa fundi wa bampa. Mafundi wetu wa kuchomelea wanaweza kutengeneza keria nzuri, sibishi. Tatizo ni mahali anapotaka kuifunga. Bampa la RAV4 ni plastiki, na nyuma yake kuna chuma chepesi cha kupokea mgongano, hakikuundwa kubeba mzigo unaoning'inia. Gari lako pia si Hilux wala Land Cruiser, halina chesisi ya peke yake. Bodi na fremu ni kitu kimoja. Akitaka kazi idumu, aanze na mhimili wa kuvutia tela, uliofungwa kwa bolti kwenye zile fremu mbili ndefu zilizo chini ya sakafu, kulia na kushoto, bila kuchomelea kitu kwenye bodi. Skwea paipu iwe nene, mm 3 kwa mhimili, na pale mkono unapokutana na nguzo aongeze kipande cha pembetatu, kwa sababu keria nyingi za kuchomelea hukatikia hapo, pembeni kidogo ya mshono. Nati ziwe za kujikaza. Na mikono isielekee eksozi: moshi wa moto ukipuliza tairi la baiskeli saa mbili mfululizo, tairi halitabaki.

Mihimili ya kuvutia tela inayotoka viwandani Ulaya huwa na kibao kidogo chenye herufi S na namba, kwa mfano 75. Hizo ndizo kilo zinazoruhusiwa kukandamiza kile kichwa cha mviringo cha ndoano ya tela. Keria nzuri ya jukwaa, ile inayokaa juu ya ndoano hiyo, ina kilo 15 hadi 20, kwa hiyo zinabaki 55 au 60 kwa baiskeli, na baiskeli zinasimama kwa magurudumu badala ya kuning'inia kwa fremu. Fedha ikiruhusu, hii ndiyo bora kuliko zote, kwa baiskeli zote tatu. Ni ghali, na wa kuchomelewa hauna kibao, kwa hiyo kwa huo usivuke baiskeli mbili.

Turudi kwenye tairi la akiba, maana ndilo jibu langu kwako. Baiskeli ya mkeo haina bomba la juu, kwa hiyo haina pa kuning'inia. Kuna bomba la kuongeza linalofungwa kutoka shingo ya usukani hadi nguzo ya siti, likawa bomba la juu la muda. Linunue pamoja na keria. Usiitundike kwa kuilaza kwenye bomba lake la chini. Itayumba na kugonga mlango.

Zipange moja ikitazama kulia, nyingine kushoto, weka kipande cha godoro pale pedeli inapogusa fremu ya mwenzake, na funga gurudumu la mbele lisizunguke. Kazi ya kubeba ifanywe na mikanda ya kitambaa yenye bizimu. Vipande vya tyubu tunavyovipenda vitumike kuzuia mtikisiko tu, kwa sababu mpira unanyumbuka, na mzigo unaonyumbuka hujifungua wenyewe taratibu. Mikanda iangalie kingo kila safari. Jua la hapa huikausha ikaanza kuchanika nyuzi. Ukifika Msalato simama, kaza upya mikanda na nati. Fundi asiyekuambia ukaze tena baada ya kilometa chache hajawahi kusafiri na keria yake.

Baiskeli ya mtu mzima ina urefu wa karibu mita 1.7 hadi 1.9, gari lako upana wake ni kama 1.7. Magurudumu yatatokeza pembeni, na bodaboda anayekupita mjini hatarajii. Punguza mwendo hadi utoke nje ya mji.

Mwisho, simama hatua kumi nyuma ya gari, mwenzako akanyage breki na kuwasha indiketa. Taa na namba vyote vionekane. Namba iliyofunikwa ni kosa barabarani, na trafiki hatakusikiliza ukimwambia ni gurudumu tu. Ikifunikwa, sogeza baiskeli au geuza upande. Kama bado, tengenezewa kibao chenye namba na taa, kifungwe nyuma ya baiskeli ya nje.