Programu ya marathoni haijui kwamba jana ulifua

Naanza na siku niliyoshindwa kuinuka kwenye kigoda. Ilikua Jumapili mwezi wa kumi na moja, najiandaa na Kili Marathon, zile za kilomita 42 kule Moshi, alfajiri nimetoka kukimbia kilomita 18, mara yangu ya kwanza kufika hapo, narudi nyumbani najiona Magdalena Shauri kabisa, yule dada yetu aliyeshika namba tatu Berlin 2023 kwa masaa mawili na dakika 18. Sasa Jumapili ndiyo ofu ya dada wa kazi, kwa hiyo ndoo za nguo zilikua zinanisubiri uani. Nikakaa kwenye kigoda, beseni katikati ya miguu, nikafua masaa mawili, mashuka, yunifomu, vinguo vya kitindamimba ambaye wiki hiyo tumbo lilikua limemchafuka, nyie mnajua hali inakuaje. Nilivyotaka kusimama niende kuanika, shavu la mguu wa kulia likajikunja kama ngumi, nikaenda chini na shuka langu la maji, nimelala pale kwenye sementi naangalia mawingu. Mwanangu wa kwanza akatoka akaniuliza mama unalia au unacheka. Nilikua nafanya vyote viwili.

Kesho yake ugoko ukaanza kuuma. Wiki tatu sikukimbia hata hatua.

Ndo hapo nikagundua kosa, na ndo sababu ya kuandika haya yote, maana kina mama wengi wananiuliza nilipata wapi muda. Muda utaupata tu, ukiutaka kweli utauiba hata kwa mlinzi wa geti. Shida ni kwamba zile programu za mazoezi unazopakua kwenye simu zimeandikwa kwa mtu ambaye akishamaliza kukimbia anaenda kulala kwenye kochi. Yangu ilikua imeandika Jumatatu: mapumziko. Mapumziko gani jamani, Jumatatu nasimama daladalani kutoka Kimara hadi mjini, jioni hivyohivyo, narudi nabeba mtoto wa kilo 12 mgongoni huku nasonga ugali. Ile yote ni kazi ya miguu na kiuno. Mwili haujui hii ni tizi na hii ni kufua, wenyewe unahesabu jumla.

Kwa hiyo nilichofanya baada ya ugoko kupoa nikachukua daftari la kawaida, nikaacha kuandika kilomita peke yake, nikaandika na kazi za nyumbani. Jumamosi kilomita 16, Jumapili ndoo nne. Jumatano kilomita 0, kusimama foleni ya kliniki masaa matatu. Ukiona wiki imejaa ndoo, unapunguza kilomita, basi. Nilikua nacheka mwenyewe nikiandika ila toka hapo hadi siku ya mbio sikuumia tena.

Kuhusu mimi kwa kifupi: watoto watatu, wa miaka 9, 6 na wa mwisho wakati naanza alikua na mwaka na miezi minne, bado ananyonya. Nafanya kazi ya ofisi. Sikuwahi kuwa mwanamichezo, shuleni nilikua yule wa kushika nguo za wenzake. Nyumbani kwa mume wangu ni Moshi, mwaka juzi tukaenda kwenye msiba tukakuta ni wikiendi ya Kili Marathon, nikakimbia zile za kilomita 5 za kujifurahisha na raba zangu za kwendea sokoni, na nikiwa nimekaa uwanja wa Ushirika nakula ndizi nikawaona watu wa kilomita 42 wanaingia. Mmoja alikua mama mtu mzima kabisa, kajifunga kitambaa kichwani, ana kitambi kama mimi. Nikasema hee.

Haya, mambo yenyewe sasa.

Nilikua nakimbia mara tatu kwa wiki, basi, msidanganywe na watu wa mara sita. Jumanne na Alhamisi kilomita 6 hadi 8, Jumamosi ile ya mbali. Ukibanwa ruka ya Jumanne, ukibanwa sana ruka na ya Alhamisi, ile ya Jumamosi usiiguse, hiyo ndiyo inayokupeleka kilomita 42, hizo nyingine ni kuweka miguu macho. Na usikimbie kwa fujo, nenda mwendo ambao unaweza kumsema wifi yako sentensi nzima bila kukatika pumzi, ukishindwa kumaliza sentensi punguza. Mimi nilianza na kilomita 8 Jumamosi, naongeza moja au mbili kila wiki, kila wiki ya nne narudi nyuma kidogo mwili upumue. Mwisho nilifika 30, mwisho wa Januari, kutoka Kimara hadi Daraja la Tanzanite nikawa nazunguka pale darajani mpaka saa ikaandika 30, jua la Januari la Dar mnalijua, saa mbili asubuhi tayari unaiva. Baada ya hapo wiki tatu ni kupunguza tu. Hizo wiki tatu utajiona unakua mvivu na utataka kujaribu miguu yako, usijaribu.

Naona niliwahi kusema Jumapili pale juu. Ndiyo, mwanzoni mbio ndefu nilikua naweka Jumapili, siku ambayo dada hayupo, ujinga huo. Nilivyohamishia Jumamosi maisha yakabadilika. Na dada mwenyewe nilimuongezea hela, tuseme ukweli, maana masaa yangu ya kukimbia yeye ndo anayalipia kwa kuamka na mtoto. Mama anayejisifu ana nidhamu ya kuamka saa kumi usiku huku kuna binti wa watu anambebea mtoto bila shukrani, hapana.

Baba watoto naye. Mwanzo nilikua namwambia "nisaidie watoto Jumamosi", anaitikia, halafu Jumamosi anaenda kunyoa. Nikaacha neno nisaidie. Nikamwambia kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne asubuhi hawa watoto ni wako, sijasema unisaidie, ni wako. Jumamosi ya kwanza nikakuta wamekunywa chai na chipsi za jana, kitindamimba kavalishwa gauni la dada yake. Sikusema kitu. Nawaomba na nyie msiseme kitu, ukisahihisha gauni wiki ijayo atakuachia mwenyewe.

Usalama: alfajiri Kimara kuna giza na kuna mbwa, usikimbie peke yako. Mtaani kuna klabu za jogingi, hizi za Jumamosi za kuimba na tisheti za rangi moja, mi nilienda nikakuta mwendo wao ni wa nyimbo zaidi ila ndo nilipopata wenzangu wawili wa kukimbia nao, mmoja muuguzi mmoja ana duka. Bodaboda watakuuliza mama mwizi kapita wapi. Zoea.

Sasa yale ambayo wanaume hawataandika. Ukishazaa, hasa watatu, ukikimbia mkojo unachuruzika. Mimi kilomita ya tatu tu taiti imelowa, nikadhani ni mimi peke yangu, siku namwambia yule muuguzi akacheka akasema hata mimi. Akanifundisha kubana, kama vile unazuia mkojo, unahesabu hadi kumi unaachia, unarudia mara kumi, mara tatu kwa siku, unaweza kufanya hata kwenye daladala hakuna anayejua. Ilichukua kama miezi miwili, haikuisha kabisa lakini ilipungua hadi nikasahau. Ukiona haipungui au unahisi kitu kinashuka chini, usione aibu, nenda hospitali.

Kama unanyonyesha, nyonyesha ndo utoke. Siku moja mtoto kalala nikaona nisimwamshe, nikatoka hivyohivyo, kilomita 12 na maziwa mawili kama mawe, nililia njia nzima. Na vaa sidiria mbili zinazobana, ya mazoezi moja nzuri ni ghali lakini afadhali ununue hiyo kabla ya kufikiria saa ya kukimbilia. Chini ya sidiria na katikati ya mapaja paka mafuta ya mgando, yapake mengi. Usipopaka utajua ukiingia bafuni.

Damu pia. Mwezi wa kumi na mbili nilikua nachoka mpaka napanda ngazi za ofisi nashika ukuta, nikadhani ni tizi. Nikapima, damu 9 na kitu, wakati mwanamke ambaye hana mimba anatakiwa walau afike 12. Nikapewa vidonge vya madini ya chuma. Na hapo ndo nikajifunza kwamba chai ninayoshushia na dagaa na mchicha ndiyo inazuia madini yasiingie, chai inatakiwa ikae mbali na chakula, saa moja au mawili. Mimi mtu wa chai! Nikahamia kwenye maji ya ndimu wakati wa kula, chai saa kumi jioni. Pimeni damu kabla hamjaanza, msingoje kushika ukuta.

Raba: nunua nusu namba kubwa zaidi maana mguu unavimba. Mi nilinunua za mtumba nzuri tu, ila kunja soli uone kama bado inarudi, ikiwa ngumu kama ubao iache hata kama rangi imekuvutia. Za kwanza zilinivutia rangi.

Kula. Sukari ambayo mwili umejiwekea akiba kwenye misuli na ini inakwisha kama kilomita ya 30 hivi, ndo pale unaona watu wanasimama ghafla kama gari limeisha mafuta. Ukingoja njaa umechelewa. Mimi nilishonewa kamfuko kiunoni na fundi wa mtaani elfu tatu, naweka tende zilizotolewa kokwa, kila dakika 30 tende mbili, na vipande vya kiazi kitamu kilichochemshwa na chumvi. Na maji matupu mengi bila chumvi ni hatari, yanazimua chumvi ya mwilini, kunywa unaposikia kiu na upate kitu chenye chumvi. Kila kitu ukijaribu Jumamosi kabla, siku ya mbio usile kitu kigeni hata ukipewa bure.

Siku yenyewe. Tulienda na basi toka stendi ya Magufuli, Alhamisi, ili Ijumaa nichukue namba nilale. Jumapili tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlima uko wazi, mweupe kileleni, nikajua huu ukishafunikwa na wingu na mimi nitakua nimechoka. Nusu ya kwanza ni barabara kuu, unaenda upande wa Dar unageuza, tambarare, na hapo ndo watu wa pwani tunadanganyika. Kila mtu ananipita, nikakaza roho nikaenda mwendo wangu wa kumsema wifi. Maana baada ya kurudi mjini unapanda mlima kwenda Mweka. Unapanda tu, migomba kushoto migomba kulia, jua limeshatoka. Nilikua nimefanya vilima vya Bonyokwa kila Alhamisi nikajiona mjanja. Bonyokwa ni tuta la barabarani.

Katikati ya mlima nikasikia naitwa. Mama mkwe wangu, miaka 68, kitenge kimoja kiunoni kingine begani, ana hotpoti. Nikasema shikamoo mama, akaitikia akaanza kutembea na mimi. Yaani mimi nakimbia, yeye anatembea, tuko sambamba. Na wala hahemi! Ananisimulia ng'ombe alivyozaa juzi, anauliza watoto wamekula, anauliza huyu aliyewatuma kukimbia anawalipa shilingi ngapi. Nikamwambia mama tumelipa sisi. Akanyamaza kama hatua kumi hivi. Halafu akafungua hotpoti, mtori, nyama inaonekana, akasema kunywa. Kumbuka nilichosema kuhusu vitu vigeni. Nikanywa vifuniko viwili, utamkatalia mama mkwe mlimani? Nashukuru ulikaa.

Kushuka ni kubaya kuliko kupanda, mapaja yanatetemeka na vidole vinagonga mbele ya raba, kucha mbili zilikua nyeusi na baadaye zikatoka. Nilitembea sehemu nyingi, hakuna aliyekamatwa kwa kutembea. Ushirika niliingia masaa matano na dakika 31, uwanja umeshapungua watu, muziki bado unapigwa, mtoto wa kati akanivua medali kabla hata sijapewa maji akaivaa yeye.

Kesho yake basi la kurudi Dar, zaidi ya masaa tisa nimekaa, miguu ikavimba hadi kandambili hazikuingia. Ongeza siku moja kabla ya kusafiri, na kila basi likisimama shuka utembee.

Nimeshajiandikisha tena. Daftari jipya nimeanza juzi, wiki ya kwanza inasomeka hivi: Jumanne kilomita 5, Alhamisi kilomita 5, Jumamosi kilomita 8, Jumapili kilomita 0, ndoo sita.