Ganzi ya mguu kwa altrasaundi: jiandae na saa nane usiku

Mwaka jana bodaboda ilinimwaga pale Tabata, kifundo cha mguu wa kulia kikavunjika, nikaambiwa lazima vyuma. Siku ya opareshi daktari wa usingizi akaja anasukuma mashine ya altrasaundi, ile ile ya akina mama wajawazito, nikamuuliza dokta vipi tena, kwani nina mimba? Akacheka, akasema sindano ya mgongo utapata lakini ile ikiisha utalia, hii ganzi ya mguu ndo ya kukusaidia baadaye.

Nikalala ubavu, akanipaka jeli ya baridi juu kidogo ya mkunjo wa goti kwa nyuma. Kwenye skrini kuna mshipa wa damu unadunda, na juu yake kiduara cheupe chenye vitundu vitundu kama sega la asali, akasema hiyo ndo neva, yaani mshipa wa fahamu, inayoshuka mpaka unyayoni. Sindano inaonekana kabisa inavyosogea, na dawa ikiingia inakuwa nyeusi, inaizunguka neva kama mafuta yanavyozunguka kitumbua. Zamani walikuwa wanakisia kwa kupapasa, au wanapitisha kaumeme kadogo mpaka mguu urukeruke, sasa hivi anaona mshipa wa damu uko wapi anaukwepa. Na bado alikuwa anasukuma dawa kidogo kidogo huku ananiuliza masikio yanavuma? ulimi unakufa ganzi? unasikia ladha ya chuma mdomoni? Ukisikia kimojawapo sema hapo hapo, usijikaze kiume. Akachoma na ya pili upande wa ndani wa paja, maana ndani ya kifundo kuna neva nyingine.

Jioni niko wodini nakula chipsi nachati, nesi kaleta vidonge vya maumivu nikavisukumia pembeni, vya nini wakati siumwi? Kosa langu kubwa hilo. Saa nane usiku ganzi ikaisha ghafla, jamani, nilihisi kama kifundo kinavunjwa upya, na vidonge ukimeza saa hiyo vinachukua muda kufanya kazi, nikalia mpaka wagonjwa wenzangu wakaamka. Kwa hiyo ukichomwa hii kitu muulize dokta inaisha saa ngapi, mara nyingi ni kati ya masaa 12 na 24, umeze dawa ulizoandikiwa kabla hata hujasikia chochote.

Halafu mguu wenyewe unakuwa kama gogo la mtu mwingine. Nilijigonga na chuma cha kitanda sikujua mpaka nikaona damu kwenye shuka. Shangazi yangu naye, Mungu ambariki, alikuja na chupa ya chai imejaa maji ya moto eti anikande vidole, nesi akamkamata mlangoni, ningeungua huku natabasamu. Usisimame peke yako hata kama unajiona mzima, na kama umefungwa hogo angalia rangi ya vidole, vikiwa vya bluu au vimevimba sana ita mtu, maana ganzi inaficha maumivu ambayo yangekushtua.

Kabla ya kuchomwa wataje dawa za kuyeyusha damu kama unatumia, na kisukari kama miguu huwa inawaka moto. Mimi vidole viliamka siku ya pili asubuhi, kidole gumba kikawa cha mwisho. Wewe zikipita siku mbili bado huhisi kitu, rudi kwa dokta.