Afande anataka kumfundisha mwanangu baada ya shule, nisaini?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mwanangu ana miaka 12, juzi karudi na fomu imekunjwakunjwa ndani ya daftari la hisabati, kumbe shule inaleta polisi wafundishe stadi za maisha mara mbili kwa wiki baada ya masomo, na michezo juu. Mi polisi nawaogopa toka utotoni, baba yake anasema we saini tu watamnyoosha. Nifanyeje?
Mama Kifunguamimba

Marhaba mwanangu. Baba mwambie kunyoosha ndo kitu programu nzuri haifanyi, nitarudi hapo kwenye barua ya pili. Ila wazo lenyewe si baya hata kidogo. Mtoto wa umri huo anatoka shule mzazi bado yuko kazini, hapo katikati ndo mambo yanaharibika, Marekani walihesabu wakakuta siku za shule ukatili unaofanywa na watoto unapanda zaidi mara tu baada ya kengele ya kutoka, saa tisa tisa hivi alasiri, sio usiku kama tunavyodhani. Kwa hiyo hata afande awe hajui kufundisha, kule kuwepo mtu mzima na mpira masaa hayo tayari ni kitu, polisi wa New York walishaliona hilo toka 1914 wakawa wanafunga mitaa magari yasipite ili watoto wacheze.

Shida inakuja kwenye kufundisha. Mwaka 1983 Los Angeles ilianza programu ya D.A.R.E., askari na sare yake anaingia darasani kuwaambia watoto wakatae madawa, ikasambaa nchi nzima, wazazi wakaipenda, tisheti kibao, halafu watafiti walivyokuja kupima miaka ya 90 wakakuta waliofundishwa na wasiofundishwa kwenye kutumia madawa hawapishani sana. Ikaja G.R.E.A.T., ilianzia Arizona 1991, hii ni ya kuzuia magenge, nayo tathmini yake ya kwanza haikuonyesha kwamba inazuia mtoto kuingia genge. Lakini hawa waliiandika upya, masomo 13, hotuba zikapungua mazoezi yakaongezeka, wakapima tena kwenye miji 7, uwezekano wa mtoto kujiunga na genge ukawa umeshuka kwa 39% baada ya mwaka mmoja na 24% baada ya miaka 4. Sare ni ile ile, kilichobadilika ni kinachofanyika mle chumbani.

Sasa na wewe kabla hujasaini nenda siku moja ukae nyuma uangalie. Ukikuta afande anaongea dakika 40 mfululizo na watoto wanachora magari pembeni ya daftari, hapo mtoto anaenda kwa ajili ya mpira tu (nao si haba). Ukikuta kamwita mmoja mbele, afande anajifanya rafiki mkorofi, "oya vuta kidogo bana, unamwogopa mama ako?", dogo anababaika, wenzake wanacheka, anarudia, mara ya tatu sauti imekaza, "sitaki, naenda zangu", basi toa kalamu.

Halafu uliza jambo ambalo wazazi wengi hawaulizi: mtoto akiropoka ya nyumbani au ya kaka yake, yanaishia wapi? Afande ni afande hata akivaa bukta, kuna mambo akishayasikia hawezi kujifanya hajasikia. Mi nisingemkatalia mtoto kwa sababu hiyo ila ningetaka ajue mapema, na mle ndani awepo pia mwalimu.

SWALI: Shangazi, kijana wangu ana miaka 13 kaanza utoro. Nina jamaa yangu polisi, nataka ampeleke gerezani wafungwa wamtishe kidogo tu apate akili. Unaonaje?
Baba mwenye hasira

Usithubutu. Walifanya hivyo hivyo New Jersey kwenye gereza la Rahway miaka ya 70, wafungwa wanawafokea watoto kweli kweli, kila mtu akasifia. Baadaye tafiti za programu za aina hiyo zikawekwa pamoja, waliopelekwa wakaonekana kufanya makosa ZAIDI kuliko wenzao walioachwa tu nyumbani. Mtoro anakimbia kitu bwana, somo au mtu. Muulize ni nani, hasira ukiwa umeziacha nje.

SWALI: Mi ni askari, nimepangiwa watoto wa miaka 11 mpaka 14 na sijawahi kufundisha maishani. Nianzie wapi?

Jifunze majina kwanza, yote, kabla ya somo la pili. Usianze na picha za mapafu yaliyooza, wameshaona mabaya kuliko hayo kwenye simu. Wape njia nne ambazo hata D.A.R.E. ilikuja kuzichukua ilipobadilika: kataa, eleza kwa nini, epuka, ondoka, na kila moja waigize mpaka wachoke. Na mwambie bosi wako asikuhamishe zamu katikati, wiki ya tatu mtoto ndo anaanza kukuzoea, ya nne akiletewa sura nyingine basi hadithi yake anaimeza. Ah, na ukiwafunga goli usishangilie sana.