Fimbo nne zinatosha: ninavyochagua vifaa vya safari ya kuvua besi

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayevua besi, wale samaki wawindaji wa maji yasiyo na chumvi, aliniandikia: "Kaka, nina fimbo kumi na moja na gari linaingiza nne tu. Naenda kuvua besi siku tatu kwenye ziwa nisilolijua. Nibebe zipi?" Nilidhani nitamjibu kwa mistari miwili. Imeshindikana, kwa sababu swali lake limenikuta nimetoka kwenye safari ambayo kila nikiikumbuka nafurahi, na niseme ukweli, bado ina mahali inaniuma.

Tulikwenda kundi zima. Wenzangu karibu wote ni wavuvi wa siku nyingi, wengine walianza kabla sijajua hata kufunga ndoano. Asubuhi tunashusha mizigo, kila mmoja akatoa furushi la fimbo, mengine hayakumbatiki kwa mkono mmoja. Mimi nikashusha nne. Mtu mmoja ambaye nimemheshimu kwa miaka akaniuliza mbele ya wote kama nimekuja kuvua au kutazama. Wakacheka. Sikumjibu, kwa sababu zile nne nilikuwa nimezipanga nyumbani usiku baada ya usiku, na kila moja nilijua imekuja kufanya nini.

Siku ya kwanza haina la kusimulia. Siku ya pili mchana upepo ukatulia, tukaingia kwenye ghuba iliyofunikwa na magugu maji. Hapo ndipo niliona faida ya maandalizi. Kwenye boti ya jirani fimbo zilikuwa zimelala juu ya nyingine, ndoano zimeshikana, watu wanahangaika kuzinasua na kubadilisha vyambo. Fimbo yangu nzito ilikuwa na chura wa mpira tangu alfajiri. Nikamrusha kwenye tundu dogo katikati ya majani, nikamvuta taratibu, maji yakapasuka. Sikuvuta kwa kuona maji yakipasuka. Nilisubiri mpaka nikasikia uzito wa samaki mwenyewe mkononi, ndipo nikaipiga fimbo juu kwa nguvu zote. Besi mdomo mpana, kilo tatu na gramu mia nne. Hakuna aliyevua mkubwa kuliko huyo safari nzima.

Jioni yule bwana akasema ilikuwa bahati. Kile kicheko cha asubuhi nilikwisha kukisahau, lakini hilo la bahati limekaa nami mpaka leo. Kwa hiyo jibu la msomaji wangu ni jibu lake pia.

Ukitaka kuchagua fimbo, anza na vyambo. Weka mezani vile ambavyo kweli utavirusha kwenye maji unayokwenda, kisha tafuta fimbo ya kuvihudumia. Karibu kila fimbo imeandikwa juu kidogo ya mpini uzito wa chambo inaoubeba na nguvu ya uzi inaoustahimili. Wengi wetu hatuyasomi maandishi yale. Chambo cha gramu 5 kwenye fimbo iliyotengenezwa kwa gramu 20 hakiikunji ncha, na ncha isipokunjika hakuna kinachokisukuma chambo kwenda mbali. Hapo mtu analaumu mkono wake bure.

Fimbo yangu ya kwanza, ambayo siiachi popote, ni ya futi 7, ya nguvu ya kati kuelekea nzito, inayopinda nchani tu. Juu yake inakaa rili, chombo cha kukusanyia uzi, ya aina ya beitikasta, ambayo ngoma yake huzunguka unaporusha, yenye uwiano wa 7 kwa 1, yaani ukizungusha mkono mara moja, ngoma inazunguka mara saba. Uzi ni flurokaboni, uzi wa plastiki mgumu, ya ratili 15, ambayo inazama na haionekani kirahisi majini. Hii ni ya jigi, yaani ndoano yenye kichwa kizito cha risasi, na minyoo ya plastiki. Vyambo hivi vina ndoano moja nene ambayo lazima itoboe mdomo mgumu, na fimbo inayopinda mpaka katikati itakunyima nguvu hiyo. Rili ya kasi nayo ina kazi yake: besi akiokota jigi mara nyingi anaogelea kukujia, uzi unalegea, na lazima uukusanye kabla hajakitema.

Ya pili ni kinyume chake. Ni fimbo laini inayopinda taratibu mpaka katikati, kwa ajili ya krenkibeti, yale samaki bandia yenye mdomo wa plastiki unaoyazamisha unapovuta. Yanabeba ndoano za makucha matatu, nyembamba, zinazoshika ngozi tu. Fimbo ngumu inazichomoa. Fimbo laini inamfuata samaki anapotikisa kichwa. Rili yake ni ya polepole, 5 au 6 kwa 1, kwa sababu krenkibeti la kina kirefu linavuta maji mengi, na rili ya kasi itakuchosha mkono kabla ya saa nne asubuhi.

Ya tatu ni ya spini, rili inayoning'inia chini ya fimbo, saizi ya 2500 au 3000. Nguvu ya kati, uzi wa kusukwa wa ratili 10, na mbele yake kipande cha flurokaboni cha ratili 8 chenye urefu wa mtu na zaidi. Kuna wavuvi wanaoidharau wakisema ni ya wanaojifunza. Nawasihi waache. Chambo cha chini ya gramu 7 ni kazi kukirusha kwa beitikasta ya kawaida, maana hakina uzito wa kuizungusha ngoma, na upepo ukiwa wa mbele uzi unavurugika ndani ya rili mpaka uukate kwa kisu. Kwa spini uzi unatoka wenyewe. Maji yakiwa maangavu, jua kali na samaki wamegoma, hii ndiyo itakayokulisha.

Ya nne mmeshaisikia. Futi 7 na nusu hivi, nzito, uzi wa kusukwa wa ratili 50 au 65, rili ya 7 kwa 1 au zaidi. Uzi wa kusukwa unaelea, hauvutiki, na unakata majani. Besi akinasa ndani ya magugu una sekunde chache za kumgeuza kichwa aelekee kwako. Akishazama kwenye mizizi, ukamvuta kwa uzi wa nailoni, utarudi na fundo.

Utauliza, na spinabeti, kile chambo chenye vibati vinavyozunguka, je? Inarushwa kwa ile ya kwanza. Na chambo cha juu ya maji chenye makucha matatu? Kwa ile ya pili, ila uzi uwe wa nailoni, kwa sababu flurokaboni inazama na kukivuta pua chini. Fimbo nne zinafunika karibu kila kitu, ilimradi mwenyewe unajua ni ipi ya nini.

Napenda sana kisa cha Bassmaster Classic ya kwanza, shindano kubwa la kuvua besi la Marekani, mwaka 1971. Wavuvi 24 walipandishwa ndege bila kuambiwa wanakwenda kuvua wapi. Walitangaziwa wakiwa angani kwamba ni Lake Mead, Nevada. Vifaa vyao walikuwa wameshavichagua. Bobby Murray alishinda dola 10,000. Kila nikipanga safari ya maji nisiyoyajua nawafikiria watu wale, na najiuliza: kama wangenitangazia sasa hivi kwamba ni ziwa la miamba yenye maji maangavu, nina cha kutumia? Na kama ni bwawa la matope lililojaa visiki? Jibu likiwa ndiyo kwa yote mawili, nafunga begi.

Na tukitaja wakubwa: George Perry alivua besi wa ratili 22 na aunsi 4 huko Georgia, Marekani, tarehe 2 Juni 1932, na inasimuliwa kwamba yeye na mwenzake walikuwa na fimbo moja wakipokezana. Rekodi hiyo ilikaa bila kufikiwa mpaka Julai 2009, Manabu Kurita alipovua wa uzito unaolingana naye kwenye ziwa Biwa, Japani. Mwenzangu unayesoma hapa, najua unamwota wako. Sote tunamwota. Lakini hatakuja kwa sababu umebeba fimbo kumi na mbili. Tunanunua vifaa ili tujisikie wavuvi, kisha tunafika ziwani mikono inatetemeka hatujui tushike ipi. Tuache. Jifunze fimbo chache mpaka uzijue gizani, mpaka kidole gumba chako kijue chenyewe lini kiikanyage ngoma ya rili. Kila saa unayotumia kubadilisha fimbo ni saa ambayo chambo hakipo majini, na besi hawavuliwi hewani.

Sasa nirudi kwa kaka yangu wa fimbo kumi na moja. Jambo la kwanza, ulizia joto la maji. Yakiwa kati ya nyuzi 15 na 20, besi mdomo mpana husogea kwenye kina kifupi kutaga, kwa hiyo lile krenkibeti la kina kirefu halitakuwa na kazi kubwa. Acha fimbo yake, beba spini mbili. Yakiwa ya moto na magugu yamepanda juu, nne zilezile nilizotaja. Ukiambiwa hakuna magugu kabisa, ni mawe matupu, iache ile nzito bila kujuta.

Nafasi iliyobaki usiijaze fimbo ya tano. Weka ngoma ya akiba ya rili ya spini ikiwa imeshasokotwa uzi, pete ya ncha ya akiba na gundi yake, kwa sababu ncha ndiyo inayovunjika mlango wa gari unapofungwa. Kabla ya kuondoka pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Kikishika nyuzi, pete ina ufa na itakukatia uzi siku ya samaki mkubwa. Legeza breki za rili zote zikiwa safarini, kisha uzikaze upya ziwani kwa kuuvuta uzi kwa mkono. Na vyambo vya kila fimbo vifunge usiku, kabla hujalala, usingoje asubuhi ukiwa na haraka.