Filamu ya kupigia maua: anza na rangi ya ua lenyewe

Wanaoanza kupiga maua kwa filamu hapa Tanga huniuliza mkanda upi ni bora. Nami huwauliza: unapiga ua gani, na picha ni ya kazi gani? Kama ni ya kupamba sebule, tumia mkanda unaoupenda. Lakini kama mtaalamu wa mimea ataitumia picha kulitambua ua kwa rangi yake, uchaguzi wako unakuwa mdogo.

Velvia 50 ya Fujifilm, iliyotoka mwaka 1990, inapendwa kwa sababu inakoleza rangi. Hapo ndipo penye shida. Ukiipigia haibiskasi nyekundu iliyo juani, wekundu unajaa mpaka vile vishipa vyembamba vya petali vinapotea. Kwa rangi ya kweli chukua slaidi, yaani filamu ambayo kipande chenyewe ndicho picha, yenye rangi zilizotulia: Provia 100F, au Ektachrome E100 ya Kodak. Slaidi haivumilii makosa ya mwanga, hata nusu stopu (stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu) inaonekana, kwa hiyo pima kwa kadi ya kijivu wala usilipime ua jeupe lenyewe. Faida yake ni kwamba ikishasafishwa, unachokiona ndicho kilichonaswa. Ila inasafishwa kwa dawa za E-6, yaani dawa maalumu za slaidi za rangi, na si kila studio inazo. Uliza kabla hujanunua.

Negativu (filamu yenye rangi zilizogeuzwa, inayochapwa kwenye karatasi) kama Portra 160 ya Kodak ni nzuri pia na inasamehe zaidi, lakini rangi ya mwisho inaamuliwa na mashine ya kuchapia. Bogenvilia ikijaza fremu nzima, mashine inadhani picha imezidi rangi ya waridi, inapunguza, na matokeo yake ua linapauka na majani yanakuwa ya kijani kisicho chake. Dawa yake: fremu ya kwanza piga kadi ya kijivu katika mwanga uleule, kisha mwombe fundi asawazishe kwa fremu hiyo na asibadilishe kitu kwa zinazofuata. Wengine watanung'unika. Sisitiza kwa upole.

Sasa maua ya buluu na ya urujuani, ambayo ndiyo yanayowakatisha tamaa wageni wa kazi hii. Sisi watu wa Tanga yanatuhusu hasa, maana Saintpaulia, ua dogo la urujuani linalopandwa kwenye vyungu duniani kote, asili yake ni huku kwetu: mbegu zilipelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, na Hermann Wendland akaliandika kitaalamu mwaka 1893. Maua mengi ya rangi hizi hurudisha pia mwanga mwekundu wa mwisho kabisa, ule wa ukingoni mwa rangi zinazoonekana, ambao jicho letu halihisi ila kwa shida. Tabaka la filamu linalonasa wekundu linauhisi. Ndiyo maana ua uliloliona la buluu linatoka likielekea pinki, ingawa kamera ni nzima na fundi hana kosa. Kubadilisha mkanda kunapunguza tatizo, hakuliondoi. Piga ua lilelile kwa aina mbili za filamu, na uandike rangi kwenye daftari ukiwa bado mbele ya ua. Maandishi hayo yana thamani kuliko kumbukumbu yako ya wiki ijayo.

Mwanga nao una neno lake. Filamu ya mchana imetengenezwa kwa mwanga wa karibu 5500 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga). Chini ya mwembe, mwanga umepita kwenye majani, na asumini nyeupe itatoka na ukijani. Kwenye kivuli cha ukuta chini ya anga safi itaelekea buluu. Hapo filta ya 81A, kioo cha manjano hafifu kinachowekwa mbele ya lenzi, inasaidia. Mimi napenda zaidi siku ya mawingu mepesi. Na angalia nguo zako! Ukiinama na kanga nyekundu karibu na ua jeupe, wekundu wake utaingia kwenye petali. Vaa kijivu au nyeusi.

Joto na unyevu wa pwani yetu huharibu filamu, na tabaka zake hazichoki kwa kasi moja, kwa hiyo rangi inapinda. Weka mikanda kwenye friji ndani ya chombo kisichopitisha hewa, na ukiitoa iache ipate joto la chumba kabla ya kufungua. Usinunue iliyokaa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua, hata kwa bei ya kutupa.

Slaidi zikirudi, zitazame kwenye meza ya mwanga mweupe wa karibu 5000 K. Balbu ya njano ya nyumbani itakufanya uilaumu filamu bure.