Rula ya kwenye maikroskopu inasomeka kinyume, nimekosea wapi?

Swali: Habari fundi. Niko maabara ya kituo cha afya huku Kongwa, tumeletewa kile kisahani cha kioo chenye rula cha kuweka kwenye lenzi ya jicho ya maikroskopu. Nimekiweka ila namba zinasomeka kinyume na mistari ina ukungu, afu nikihama kutoka objektivu (lenzi ya chini, iliyo karibu na sampuli) ya 10 kwenda 40 rula haibadiliki kabisa. Shida ni nini?

Jibu: Salama dada. Hayo mawili ya kwanza yana sababu moja, kioo kimelala juu chini. Mistari imechorwa upande mmoja tu, na upande huo unatakiwa ukae palepale picha ya sampuli inapojengeka, yaani kwenye ile pete nyembamba nyeusi iliyo ndani ya lenzi ya jicho, ukigeuza kioo mistari inahama kwa unene wa kioo na ndo maana unaona ukungu.

Toa lenzi, fungua pete ya chini kama ni zile za uwanja mpana (zinazoonyesha eneo kubwa), zile za zamani zinafunguka juu. Shika kioo kwa kingo tu, kigeuze, funga pete bila kukaza sana. Kama kinacheza au hakiingii usitie gundi wala selotepu, pima kipenyo cha ndani kwa kalipa uagize saizi yake, maana wengi wanapima bomba la nje (23.2 mm) wakati kioo chenyewe ni kidogo zaidi, mara nyingi 19 mm au 21 mm.

Kazi hii ifanye asubuhi, madirisha yamefungwa na feni imezimwa. Vumbi letu la huku kiangazi ni adui mkubwa kwa sababu punje ikitua kwenye kioo hicho utaiona kali kama mistari yenyewe. Ipulize kwa kipulizio cha mpira, sio mdomo, mate yanaruka. Ukitaka kujua uchafu uko wapi zungusha lenzi ya jicho, ukizunguka nayo basi uko humo humo.

Kama maikroskopu ni ya macho mawili weka rula kwenye bomba lisilo na ringi ya kurekebisha jicho, maana ile ringi inapandisha lenzi nzima pamoja na rula, hainoi mistari na inabadilisha ukuzaji kidogo. Kama lenzi yenyewe ina kichwa kinachozunguka, toa slaidi, washa taa, zungusha mpaka mistari iwe kali, ndipo ufokasi sampuli.

Sasa hilo la 10 na 40, hapo hujakosea kitu. Rula iko juu ya objektivu kwa hiyo haikuzwi nayo, kinachokua ni sampuli tu. Ile mistari haina mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) yoyote mpaka uipime, na kila objektivu inapimwa peke yake, hapa nakusihi usiruke. Weka slaidi ya kipimo, ile ya 1 mm iliyogawanywa mara 100, kila nafasi mikroni 10. Linganisha sifuri na sifuri, tafuta mbele mistari inapokutana tena. Tuseme kwa 40 nafasi 100 za rula zimekutana na 25 za slaidi, hiyo ni mikroni 250 gawa kwa 100, sawa na 2.5 kwa kila nafasi. Huna slaidi hiyo? Chukua chemba ya Neubauer ya kuhesabia seli, vile viboksi vidogo kabisa vya katikati upande mmoja ni mikroni 50, ila shusha 40 taratibu isigonge kioo.

Andika majibu kwenye karatasi ubandike kwenye shingo ya maikroskopu hiyohiyo, lenzi ikihamia maikroskopu nyingine unapima upya. Ukishapata mikroni 10 kwa kila nafasi kwenye objektivu ya 10 na 2.5 kwenye ya 40, yai la kichocho cha mkojo lenye mikroni 140 litakula nafasi 14 kwenye 10 na 56 kwenye 40. Na sisti ya amiba (amiba iliyojifunga ndani ya ganda) isiyofika nafasi 4 kwenye 40 iko chini ya mikroni 10, hiyo usiiandike histolitika, yaani ile amiba inayoleta ugonjwa.