Ya chumbani na ya barazani: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako nimeusoma baada ya Isha, nikausoma tena asubuhi kabla sijawasha jiko. Umeniuliza swali moja, na umeliuliza kwa adabu, nashukuru. Ulipovunja ungo nikakufundisha kunyoa kwapa na kutoa malaika, zile nywele laini za miguu na mikono: je, nilikuwa nafuata dini, au nilikuwa nakutayarisha kwa macho ya wanaume? Umesema huko Nairobi umeacha kuyatoa, kwa kuwa hakuna siku uliyoulizwa kama unataka. Na umesema utashuka Mombasa Disemba kwa harusi ya binti wa mamako mkubwa, na kwenye usiku wa kupamba bibi harusi utavaa gauni lisilo mikono, na mikono yako na malaika yake.

Nitakujibu. Ila kwanza hawa wanaume. Naona nyinyi mnawapa cheo ambacho mimi sikuwahi kuwaona nacho. Maisha yangu yote sijasikia mwanamume akinisema miguu. Babako, Mungu amrehemu, alijua mchuzi umezidi chumvi na alijua shati lake halikupigwa pasi. Miguu yangu hakuisema kwa zuri wala kwa baya. Walionisema ni wanawake. Na hilo ndilo linalonikaa rohoni, si hayo mengine.

Habari za singo yangu, kule kusuguliwa na kutiwa manukato kabla ya harusi, umezisikia kwa mamako mkubwa, naye huzieleza ili watu wacheke. Mimi sizicheki. Unaijua nyumba ya Kibokoni, unakijua kile chumba cha juu chenye dirisha la uani. Ndimo nilimowekwa. Liwa ilikuwa imesagwa, marashi ya mawaridi yako tayari, asumini zimeloweshwa kwenye bakuli. Somo wangu, yule mama aliyekuwa akinifunda, alikuwa ameniahidi kwamba mambo ya kutoa nywele yatakuwa usiku, mimi na yeye, mlango umefungwa, na tutazungumza yale ambayo somo humwambia mwari wake. Nilikuwa nauona usiku ule kuwa wangu. Wallahi, nilikuwa naungoja kuliko siku ya nikahi yenyewe.

Wakaja wanawake wa upande wa babako kabla ya wakati wao, na masinia yao, na vigelegele. Chumba kikajaa. Mmoja wao, shoga wa mavyaa yangu, mama wa babako, akakaa karibu nami kwenye mkeka, akaniuliza hali kwa sauti tamu, kisha akashika pindo la leso yangu akalipandisha mpaka magotini kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Akasema, kila mtu asikie: “Mwana huyu hajatengenezwa. Mwatupa miguu ya kiume?”

Walicheka wote. Hata wa kwetu walicheka. Na kwa kuwa upande wetu uliona umeaibishwa, sukari ikapikwa pale pale, mchana, mbele yao. Unajua inavyopikwa: sukari, maji kidogo, ndimu, moto mdogo, hadi ipate rangi ya asali na tone likiangushwa kwenye maji baridi lishikamane. Mamako mkubwa ndiye aliyeikanda mikononi. Alinivuta mguu akauweka juu ya paja lake, akaipaka, akaibana ngozi kwa kiganja, akavuta. Kila akivuta, wale wageni wanasema “Haya!” na wengine wanapiga kigelegele. Mimi nimelalishwa, na kilicho juu ya macho yangu ni uso wa yule mama aliyenipandisha leso. Nyusi zake zilikuwa zimetindwa zikabaki mstari.

Nilimtazama zile nyusi mpaka kazi ikaisha. Maana madrasa tulikwenda wote. Hadithi ya Ibn Masud, sahaba wa Mtume, inayowalaani wanaonyonyoa nyuso na wanaoomba kunyonyolewa, tuliisoma wote, na wanavyuoni wengi wanaifasiri kwa nyusi. Malaika ya miguu hayakuamrishwa yatolewe wala hayakukatazwa. Yaani aliyefanya lililokatazwa alikuwa amekaa kwa heshima anakula kaimati, na ambaye hakuacha lolote la wajibu alikuwa anafunuliwa mbele za watu. Miaka imepita, yule mama ametangulia mbele ya haki, nami nilikwenda matangani kwake. Lakini nikikumbuka ule mkono kwenye leso yangu, uso bado unaniwaka moto.

Ngozi haikuniuma, mwanangu. Kazi ya kutoa malaika niliipenda tangu usichana, na bado naipenda. Kilichoniuma ni kunyang'anywa usiku wangu. Ndiyo maana nawaambia siku zote, na wewe umelisikia hata umechoka: mwili wa mwanamke ni jambo la chumbani, si la barazani.

Sasa dini, maana umeitaja. Kwapa na kinena nilikufundisha kwa sababu ya dini, na kwa hilo sina la kujitetea. Katika hadithi ya Abu Huraira mambo ya fitra, yaani ya usafi wa maumbile, ni matano: tohara, kunyoa kinena, kupunguza masharubu, kukata kucha, kunyonyoa kwapa. Na Anas, sahaba mwingine, akasema masharubu, kucha, kwapa na kinena visiachwe zaidi ya siku 40. Hapo hapana macho ya mwanamume. Kaka yako naye babako alimfundisha yale yale, kwenye choo kile kile, na akimsimamia kuliko nilivyokusimamia wewe. Kwa hiyo usije ukayatia yote kwenye kapu moja ukasema ni kutiishwa kwa wanawake. La kwapa na kinena ni letu na wao sawasawa. Kaka yako hakuambiwa atoe malaika ya miguu. Hapo ndipo unaponishika, nami naliona.

Umenieleza pia ya Marekani. Kwamba mwaka 1915 kampuni ya Gillette ilitoa wembe wake wa kwanza wa wanawake, Milady Décolleté, wakati nguo zilipokuwa zinaanza kuacha mikono wazi, na matangazo yakawafundisha wanawake kuionea haya nywele ya kwapa. Na kwamba soksi ndefu za nailoni zilipoadimika wakati wa Vita vya Pili, kwa kuwa nailoni ilikwenda kwenye miavuli ya wanajeshi ya kurukia kutoka ndegeni, kunyoa miguu kukaenea zaidi. Nimeisoma yote, nikampa na jirani akasoma. Lakini iliyonikosesha usingizi ni ile ya eksirei. Mwanamke anakwenda kwenye duka la urembo, miaka ya 1920, kwa ajili ya malaika ya juu ya mdomo, anaketishwa mbele ya mashine ya mionzi, anaambiwa haina maumivu wala madhara; baada ya miaka ngozi inakunjamana, inatoka vidonda, na wengine wanapata saratani. Kwa malaika ya mdomoni! Nilimwombea dua mwanamke nisiyemjua.

Hata hivyo, mwanangu, usilete habari ya Gillette ukaifanya yetu. Sukari na ndimu hazikuja na meli ya Mmarekani. Bibi yako aliipokea kwa mamake, naye kwa mamake, na wanawake wa nchi za Kiarabu na Uajemi wanaipika kwa vizazi na vizazi. Bibi yako hata huo wembe aliukataza, akisema unazikomaza nywele. Hilo si kweli, lilipimwa Marekani mwaka 1928 likaonekana si kweli. Nywele iliyokatwa huwa na ncha butu tu, ndiyo maana ukiipapasa inachoma. Lakini niliikuta amri yake nikaishika, na sukari nimeipenda zaidi ya wembe mpaka leo.

Utaniambia: kuwa ni la zamani si hoja, hata dhuluma ina umri. Ni kweli. Na huko huko Uajemi, katika karne ya 19, masharubu mepesi juu ya mdomo wa mwanamke na nyusi zilizokutana zilihesabiwa uzuri, wengine wakiyakoleza kwa wanja. Walikuwa na sukari na bado wakayapenda masharubu yao. Basi macho ya watu hufundishwa, hilo nakubali. Yangu yalifundishwa. Mimi nikiupitisha mkono kwenye mguu wangu uliotoka kusafishwa, nimejifukiza udi, nimebadilisha dera, naona raha, na raha hiyo ni ya kweli. Nani alinifundisha? Alinifundisha bibi yako. Na asumini alinifundisha yeye, na kupenda sauti ya adhana ya alfajiri alinifundisha yeye. Kama kila nililofundishwa si langu, basi langu ni lipi?

Nilidhani nimekupata hapo. Nikainuka nikaenda kuanika nguo, na nguo hazijaisha nikajijibu mwenyewe: asiyevaa asumini hachekwi. Hakuna anayempandishia mtu leso kutazama kama ana asumini. Hiyo ni tofauti kubwa na siwezi kuizunguka. Raha yangu ni ya kweli, na hofu iliyowekwa kando yake ni ya kweli pia, na nikiwa mkweli sijui kama ningeijua ile raha lau hofu isingekuwapo.

Na kuna mamako mdogo wa Bondeni. Unajua kwamba ana ndevu; nyumbani hatulisemi, lakini unajua. Daktari alimwambia ni homoni, ni maradhi ya ovari yanayowapata wanawake wengi, na ndiyo hayo hayo yaliyomchelewesha kupata mtoto. Yeye kila asubuhi kabla ya sala hujifungia na kibano. Watu wakimsifu kwamba amevaa ninja, ile nikabu ya kufunika uso, kwa uchaji, mimi hunyamaza, kwa sababu uchaji anao, lakini aliniambia mwenyewe kwamba siku ya kwanza alipoivaa alitembea kutoka Makadara hadi Marikiti, na kwa mara ya kwanza tangu usichana hakuupeleka mkono wake kidevuni. Huyu utamwambia nini na ufeministi wako? Na mimi nitamwambia nini na mambo yangu ya chumbani? Chumbani ndimo anamolia. Kama mtu angelisema jambo hili barazani miaka 30 nyuma, kwamba ni maradhi na yana tiba na si aibu, pengine angetibiwa mapema.

Kwa hiyo nimesema ni la chumbani, na sasa mwenyewe naona kwamba kuna la kutoka nje. Nalitazama tena: ujuzi utoke nje, utangazwe hata sokoni. Mwili ubaki chumbani. Hivyo ndivyo ninavyoamini, na hata ukinijia na vitabu kumi nitakwambia vivyo hivyo: hakuna mkono wa mtu kwenye pindo la leso ya mwanamke, awe anataka kuona nywele zimetolewa, awe anataka kuona zimeachwa. Maana na hilo la pili nimeliona kwenye maneno ya hao wenzako uliyonitumia. Yule msichana anayesema kwamba mwanamke anayenyoa miguu bado amefungwa minyororo, naye ameshika pindo la leso yangu. Sijamwomba anikague.

Sasa hilo la Disemba. Ulimi unaniwasha. Mimi ni mamako, nina maoni yangu, na unajua fika ni yapi; umenijua tangu tumboni. Nimeandika mstari hapa kisha nikaufuta. Nikafikiri: mwanangu ana kazi yake, ana akili yake, kwapa na kinena anajua hukumu yake mbele ya Mola wake, na hiyo ya mikono na miguu hana dhambi nayo akiitoa wala akiiacha. Basi nikikupa neno langu, litakuwa neno la mama, nalo ni zito, na utalivaa kwenye kupamba badala ya kuvaa uamuzi wako. Kwa hiyo silisemi. Usinipigie simu kuniuliza tena, kwa sababu ukiniuliza kwa sauti nitalisema.

Ninachoweza kusema ni haya. Kupamba ni usiku wa wanawake peke yao, na unawajua: watatazama dhahabu, watatazama gauni, na mikono wataitazama. Shangazi yako wa Kuze hawezi kunyamaza, hata kwenye matanga hanyamazi. Nimeshamwendea. Nilikunywa chai yake, nikala viazi karai vyake, nikamwambia kwamba mwanangu anakuja na ana mambo yake, na atakayemgusa mkono au kumtolea neno mbele za watu atakuwa amenigusa mimi, na mimi nitajibu pale pale mbele ya maharusi. Akaniuliza, “Kwani ana nini?” Nikamwambia hana kitu.

Chumba cha nyuma nimekitia komeo. Fundi alikuja jana. Sukari ipo kabatini kama ilivyo siku zote, ndimu tutanunua Marikiti kwa ajili ya achari hata hivyo. Ukitaka nikukandie nitakukandia, ukitaka mwenyewe ni shauri lako, ukiacha ni shauri lako.

Nijulishe unakuja na treni ya mchana au ya usiku, kaka yako aje kukuchukua stesheni ya Miritini. Na kile kitambaa cha gauni usikishone kwa yule fundi wako wa huko, mabega aliyaharibu mara iliyopita. Niletee hapa, kuna muda.

Mamako
Mombasa